Tulifuata gari la mbele mpaka kwenye daraja la Canada, Mwende akarudi Kenya bila digrii yake

Wakuu, poleni na majukumu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka mingi nasoma nyuzi za wenzangu nikiwa break kazini, nacheka, naondoka kimya. Leo nimejikaza niandike.

Niseme mapema kwamba nimeishia kidato cha pili, tena cha kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Nilichokiona nitasema nimekiona. Nilichoambiwa nitasema nimeambiwa. Na nisichokijua nitakiacha hivyo hivyo, maana habari hii ina sehemu ambazo mpaka leo sizielewi.

Majina nimebadilisha. Huyo ninayemwita Mwende nilimwomba ruhusa kwanza kabla ya kuandika. Alichonijibu nitakieleza mwishoni.

Twende taratibu.

Mimi ni Mkongomani, naishi Louisville, jimbo la Kentucky, upande wa Newburg na mke na watoto. Wananiita Baba Neema. Nimepitia warehouse, nimepitia kiwanda cha kuku, lakini kazi iliyonishika ni ya nyumba ya wazee. Kuogesha, kuvalisha, kulisha, kugeuza mtu kitandani asipate vidonda. Wengine wanaiona kazi ya chini. Mimi sijui. Siku nyingine naiona ya chini kweli, siku nyingine naona ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo mtu akiniuliza nimefanya nini leo nina jibu.

Pale kwetu kuna bibi mmoja wa Uvira, tumwite Koko Zawadi. Koko ndiyo bibi, kwa wale wasiojua Kiswahili cha kwetu. Aliletwa Amerika akiwa mtu mzima tayari, akajifunza Kiingereza kidogo cha dukani na cha kanisani. Ugonjwa wa kusahau ulipomwanza, Kiingereza ndicho kiliondoka cha kwanza. Kikabaki Kiswahili cha sokoni Uvira alikokuwa anauza dagaa.

Shida yake kubwa ilikuwa kula. Ukimpelekea sahani, anafunga mdomo. Ukileta kijiko, anageuza uso. Wenzangu Wamarekani wanaandika tu kwamba amekataa chakula. Hawakuwa wabaya, nawaambieni ukweli, walijaribu kila namna, hata mmoja alikuwa anamletea pudini kutoka kwake.

Mimi nilijua tatizo. Mtu yeyote wa kwetu angejua. Koko alikuwa anaona si vizuri kula peke yake huku mtu amesimama mbele yake anamtazama. Kwake hiyo ni aibu. Mgeni yupo, unakulaje bila yeye?

Lakini sheria ya kazi pale ni kwamba mfanyakazi hali chakula cha mkaaji. Ukikutwa unakula sahani ya mzee unafukuzwa, na ni sheria nzuri, maana zamani kulikuwa na watu wanawamalizia wazee chakula chao. Kwa hiyo nilijua, na sikuwa na la kufanya.

Ndipo akaja Mwende.

Mwende ni Mkenya, Mkamba wa Machakos. Alikuwa anasoma masters Columbus, Ohio, mambo ya kuhudumia wazee, na chuo chake kilikuwa kinaleta wanafunzi field, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye nyumba yetu wakati wa kiangazi. Yeye alichagua Louisville kwa sababu ya wazee wetu wanaoongea Kiswahili. Alikuwa na karatasi zote za chuo kumruhusu, hilo nina uhakika nalo kwa sababu manager wetu hachukui mtu bila karatasi.

Alikaa kwetu kiangazi chote, chumba kimoja na binti yangu Neema. Mke wangu alimpenda kuliko mimi, haha.

Siku ya kwanza alipoingia kwa Koko akasalimia, Koko akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia, "Weye unasema Swahili kama mtu anakimbia mvua."

Mwende akacheka mpaka akakaa chini. Akamjibu, "Koko, kwetu mvua ni kidogo, lazima tukimbie tukaione."

Kuanzia hapo Koko akamwita Mwalimu.

Sasa mwanafunzi wa field si mfanyakazi. Mwende akaenda kwa manager akaomba aletewe sahani yake, ile wanayopewa wageni wanaokuja kutembelea wazee, akae na Koko wale pamoja. Manager akakubali. Mwende akakaa, akanawa, akamega, akasema karibu Koko. Na Koko akala.

Wakuu, nimefanya kazi pale muda mrefu na sikuwahi kumwona yule bibi anamaliza sahani. Siku ile aliomba nyongeza.

Kiangazi kikaisha. Mwende akarudi Columbus. Alikuwa anamalizia madarasa, ukibaki mhula mmoja tu wa field ya mwisho, nayo alikuwa amepangiwa kuifanyia kwetu. Akimaliza, manager alishasema anamtaka, angeomba kile kibali cha kufanya kazi mwaka mmoja wanachopewa wahitimu wa kigeni.

Huku nyuma Koko akarudia kufunga mdomo. Mwende aliposikia hivyo akawa anakuja baadhi ya wikendi. Anaendesha kutoka Columbus, analala kwetu, Jumamosi na Jumapili anakula na Koko, anarudi. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa. Anaandika jina mlangoni kama mgeni mwingine yeyote, anapewa sahani ya mgeni.

Kumbukeni hiyo sahani.

Basi mtoto wa Koko, Safari, alikuwa anaishi Buffalo, mji wa mpakani na Canada, mtaa wa Riverside. Ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Alikuwa fundi wa magari, mtu mpole, anapiga simu kila Jumapili tunamshikia mama yake sikioni. Siku moja moyo wake ukasimama ghafla akiwa kazini, akafariki.

Msiba wa kwetu haukosi msafara. Mnajua wenyewe. Louisville tuliondoka magari matatu, masufuria nyuma, kanga, biblia, mito ya watoto. Gari la mbele lilikuwa la Mzee Bahati, binamu wa marehemu, aliyewahi kuishi Buffalo zamani. La pili langu. La tatu vijana wa kwaya. Taa za hazard zinawaka, na kanuni ni moja tu: usiache gari la mbele.

Koko hakuweza kusafiri, na hata tulipomwambia mwanawe amefariki hatukujua kama ameelewa. Wamama wakakaa wakasema haifai Safari azikwe bila mkono wa mama yake. Mtu atupe udongo kwa jina la Koko. Nani? Wakasema Mwende, kwa sababu ndiye anayekula naye.

Mwende alipopigiwa simu hakuuliza mara mbili. Columbus ipo njiani. Tukampitia asubuhi, akatoka na mkoba mdogo na koti, akamsalimia Mama Sifa, dada wa mjane wa Safari, aliyekaa kiti cha nyuma na sufuria la sombe, yaani kisamvu, mapajani. Yaani aligoma kabisa liwekwe buti, alisema litamwagika.

Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, macho yanaungua. Mwende akaniangalia akasema, "Baba Neema, lete hizo funguo. Utatuua."

Nikampa. Nikalala kabla hata hatujatoka mjini.

Kilichofuata sikukiona, nimesimuliwa na Mama Sifa, na Mwende akasimulia vile vile, kwa hiyo nakiamini.

Kuingia Buffalo kuna barabara kubwa inayofuata mto kwenda Riverside. Kabla hujafika, kuna sehemu inachepuka kwenda kwenye daraja la Canada. Siku hiyo kulikuwa na ujenzi, mapipa ya rangi ya chungwa, njia zimebanwa. Mzee Bahati akachepuka. Sijui alisoma vibaya au alifuata mapipa. Nataka nimtetee hapa, kwa sababu amesemwa sana: mtu amefiwa, ameendesha tangu alfajiri, na mji umebadilika. Ingeweza kuwa yeyote.

Mwende akaona kibao kinasema hiyo njia inayochepuka inakwenda daraja la Canada. Na simu inamwambia anyooke, asichepuke. Akauliza kwa sauti, "Mama, Google inasema nisitoke hapa. Nifanye aje?"

Mama Sifa akamjibu, "Bon, fwata tu mtoto yangu. Telephone haijue Buffalo kupita Bahati. Usibaache."

Akafuata. Wakuu, mimi ningefuata. Na nyie wengi humu mngefuata. Mtoto aliyelelewa vizuri, mtu mzima amekaa nyuma amesema fuata, gari la wafiwa liko mbele na taa zinawaka, atafanya nini?

Vijana wa kwaya walikuwa wamesimama kununua soda, wakaachwa, wakafuata simu yao. Walifika Riverside salama kabla yetu sote.

Mimi niliamka tuko juu ya maji.

Hapo juu huwezi kugeuza. Unakwenda tu. Upande wa Canada tulieleza tumepotea, tunakwenda msibani. Yule kijana wa forodha alifunua sufuria akauliza hii ni nini, Mama Sifa akamweleza kwa Kifaransa majani ya muhogo yanavyotwangwa mpaka akachoka kusikiliza. Wakatupa karatasi, wakatugeuza kwa adabu.

Kumbe shida ilikuwa kurudi.

Kwa upande wa Amerika, kurudi huko ni sawa na kuingia upya. Haijalishi kama ulikaa Canada muda wa kunywa chai tu. Mimi ni raia, niliombwa leseni, nikaulizwa maswali, nikakaa, nikaachiwa. Mama Sifa na wale wa gari la Bahati wana green card, wengine walikuwa wameziacha nyumbani, wakatafutwa kwenye kompyuta, ikachukua muda lakini wakapita.

Mwende alikuwa na leseni ya Ohio na kitambulisho cha chuo. Passport ilikuwa kwenye droo yake Columbus. Nani anabeba passport kwenda msibani jimbo la pili? Na visa iliyobandikwa ndani ya hiyo passport ilikuwa imeisha. Alinieleza kwamba hiyo si kosa, mwanafunzi anaruhusiwa kukaa visa ikiwa imeisha mradi karatasi za chuo ziko hai, ila akitoka nje ya nchi ndipo anatakiwa awe na mpya. Na sisi tulikuwa tumemtoa nje.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki tukimwona kupitia kioo. Afisa aliyemhoji alikuwa mtu mzima, mtulivu, alimletea maji. Sikumwona akimdhalilisha. Nasema haya kwa sababu ndugu wengine wameshaanza kusimulia kwamba alipigwa kelele. Hakupigwa kelele.

Maneno yenyewe alinisimulia Mwende baadaye. Alimuuliza safari ni ya nini, akaeleza msiba. Akamuuliza marehemu ni nani kwako. Akaeleza Koko. Akamuuliza huyo Koko unamjuaje. Na Mwende, kwa sababu hana cha kuficha, akaeleza yote: field, kiangazi, zile wikendi.

"Na wikendi unafanya nini pale?"

"I eat with her."

"Wanakulipa?"

"No. They just give me lunch."

Mwende anasema afisa aliandika hilo. Aliona mkono wake unaandika.

Walimzuia siku ile mpaka kesho yake. Tukaambiwa twende, kukaa pale hakusaidii. Safari alizikwa hiyo kesho yake asubuhi. Wamama wakaniambia nitupe mimi udongo kwa ajili ya Koko, nikatupa, lakini sikujisikia vizuri, nilijisikia kama nimechukua kitu cha mtu. Mwende aliachiwa mchana, watu wameshatoka makaburini wanakula. Akaingia, akanawa, akaomba radhi kwa mjane kwamba amechelewa.

Mama Sifa aliondoka sebuleni. Hakuweza kumwangalia.

Aliachiwa lakini si huru. Alipewa tarehe ya kwenda ofisi ya uhamiaji karibu na chuo, na passport na karatasi zote. Sisi tulidhani limekwisha. Tulisema ataenda, ataonyesha, watagonga muhuri. Hata tulitania kwamba sasa Mwende amefika Canada kabla yetu.

Hapa tena nasimulia nilivyoambiwa.

Alikwenda. Wakatazama passport, wakatazama yale yaliyoandikwa kule darajani. Wakamwambia kibali chake cha field kiliisha pamoja na kiangazi. Kwenda tena nyumba ile ile, kwa mzee yule yule, kufanya jambo lile lile, kunaonekana kama kazi. Na ile sahani inaweza kuhesabiwa kama malipo.

Mwende alijibu kwamba ile ni sahani ya mgeni. Wakamwambia anaweza kuyaeleza hayo mbele ya jaji.

Sasa wakuu, nimelifikiria hili mpaka kichwa kinauma. Sheria kwamba mwanafunzi asifanye kazi nje ya ruhusa ipo tangu zamani, haikuanza jana. Nami nafahamu wapo wanaoivunja kweli kweli, nimefanya nao kazi warehouse. Kwa hiyo sisemi sheria haina sababu. Na sina hakika kama sahani ndiyo iliyomponza, au visa iliyokwisha, au kukosa passport pale darajani, au vyote. Mwanasheria wa chuo aliyemsaidia Mwende alisema zamani afisa angeangalia yote, akaona ni msichana aliyepotea njia, akamsamehe. Siku hizi, alisema, maafisa wenyewe hawana tena nafasi ya kusamehe.

Alimpa njia mbili. Apigane mahakamani, ambako kunaweza kuchukua muda mrefu bila kusoma wala kufanya kazi, na akishindwa asiruhusiwe kurudi kwa miaka. Au aondoke mwenyewe vizuri, akaombe visa mpya Nairobi, arudi amalize ule mhula mmoja.

Alituuliza sisi. Mke wangu akasema apigane. Mimi nikasema aamue mwenyewe, na sijui kama hiyo ilikuwa busara au woga. Hatimaye akasema, "Mimi sijakuja huku kupigana na mtu. Wacha niende nirudi na mlango wa mbele."

Nairobi alinyimwa. Hawakumweleza sababu zaidi ya ile karatasi wanayompa kila anayenyimwa. Akaomba mara ya pili, akanyimwa.

Nilikwenda Columbus kuchukua vitu vyake. Nikapitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kurudisha funguo za maktaba. Kuna mama mmoja pale, mweupe, miwani imening'inia kifuani. Nilipotaja jina la Mwende alivua miwani.

Aliniambia miaka ya nyuma kila mwezi wa nane foleni ya wanafunzi wapya ilikuwa inatoka mlangoni mpaka kwenye ngazi. Mwaka ule alikuwa amekaa peke yake, meza mbili za wenzake zimefunikwa. Na ile kozi ya Mwende, waliojaza darasa wengi walikuwa wa nje: Kenya, Nigeria, Nepal, Ufilipino. Wenyeji hawaipendi kwa sababu kazi yake haina mshahara mkubwa. Wa nje walipopungua, chuo kimeisimamisha kupokea wapya.

Nikamuuliza, na wale wanafunzi wa field wanaokuja kwetu Louisville?

Akasema, "I'm sorry. There is no one to send."

Kwetu kazini kukawa hivyo. Kiangazi kilichofuata hakikuleta mwanafunzi. Na wenzetu wawili waliokuwa wanasubiri vibali vipya vya kazi wakaambiwa wakae nyumbani, kwa sababu siku hizi kibali cha zamani hakiongezwi muda wakati unasubiri kipya. Wazee ni wale wale, mikono imepungua. Dada mmoja tunayefanya naye shifti, mzaliwa wa Kentucky, amekuwa akisema siku zote kwamba mipaka lazima ilindwe. Bado anasema hivyo. Ila siku moja tunamgeuza mzee kitandani, yeye na mimi tu, akaniambia, "Yule msichana wako angeachwa. Yule alikuwa wa kuachwa." Niliona amesema ukweli wake, na umemgharimu kuusema.

Koko sasa nakula naye mimi. Nilimwomba manager, akanikubalia kwa sharti nije na chakula changu, wakati wa break yangu. Mke wangu ananifungia ugali na samaki. Koko anakula kidogo, si kama zamani. Mara nyingine anauliza Mwalimu yuko wapi, namwambia yuko kwao. Mara nyingine anauliza Safari yuko wapi, na hapo namega tonge naliweka mdomoni ili nisijibu.

Mzee Bahati haendeshi tena misafara. Watu walimsema kanisani mpaka mchungaji akakemea. Mama Sifa yeye hajasemwa na mtu, kwa sababu Mwende alituomba mimi na mke wangu tusimwambie mtu nani alisema fuata. Lakini mwenyewe alisimama mbele ya wamama akasema, "Ni miye. Bahati alipotea, lakini mtoto aliona njia, miye nikamukataza."

Funzo, kama mnataka la haraka, ni hili. Kama wewe si raia, tembea na passport yako na karatasi zako hata ukienda msibani, hata ukienda kununua mkate, hasa miji ya mpakani kama Buffalo na Detroit. Ukiwa kwenye msafara, kila gari lisome njia yake, tukutane kwa wafiwa. Mwanafunzi, usiende kusaidia popote, hata kwa upendo, bila kuuliza ofisi ya chuo kwanza, na upate jibu kwa maandishi.

Hayo ndiyo mafunzo. Lakini nikiyasoma naona hayatoshi, maana ninachofundisha hapo ni kwamba msichana asile na bibi asiyekula. Siwezi kulifurahia funzo kama hilo. Nawapa kwa sababu litawalinda.

Sasa nilichoahidi. Mwende nilipomwomba ruhusa niandike, alinijibu kwa voice note. Yuko Machakos, anakaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, anauza misumari na rangi. Nyuma yake nilikuwa nasikia mtu anakata mabati. Alisema hivi:

"Simulia tu, Baba Neema, pengine itasaidia mtu. But please usiniombee kitu. Usiulize watu vyuo, usiulize visa. Mimi nimezoea."

Nikarudia kuisikiliza ile sauti. Msichana aliyekuwa anaendesha kutoka Columbus ili bibi asiye ndugu yake asile peke yake, ana umri mdogo kuliko viatu vyangu vya kazi ningependa kusema, haha, anasema amezoea. Hana hata sauti ya hasira. Angekuwa na hasira ningepata usingizi.

Kwa hiyo kusimulia nimesimulia kama alivyoruhusu. Kwenye kuomba nitamwasi.

Madarasa yake amemaliza yote, na maksi zake ni nzuri, nimeziona. Kilichobaki ni ile field ya mwisho, na chuo kinasema lazima ifanywe mahali walipo na makubaliano napo na chini ya msimamizi wanayemtambua. Kenya hawana makubaliano na mtu. Je, kuna yeyote humu anayejua chuo kingine, iwe Nairobi, Dar, Kampala, Kigali, hata Ulaya, kinachoweza kupokea alichokwisha soma na kumwacha amalizie hapo? Au anayejua nyumba ya wazee Kenya ambayo ina msimamizi aliyesomea mambo haya, ili nimwandikie yule mama wa ofisi ya Columbus? Aliniambia kama nikipata mahali, atapeleka hoja kwenye kikao yeye mwenyewe kabla naye hajapunguzwa kazi.

Mnaotaka kunikosoa nikosoeni, nitasoma zote. Mnaotaka kusema Mwende alikosea, semeni pia, sitagombana na mtu. Lakini ukimaliza kusema, kama unajua mahali, niandikie na jina la mahali.

Nikilipata sitamwambia kwamba niliomba. Nitamwambia kuna mtu ameuliza kama bado anataka kumaliza, halafu nisikilize atajibu nini.